Mawe ya Ami Marhoon

Kama Bi Zakiya asingetaka ndimu kilo tano Jumanne ile ile, tena sasa hivi, Lamya asingeifungua buti ya gari ya ami yake, na yote haya yasingekuwa. Lakini Bi Zakiya akitaka kitu hangoji. Gari ya Lamya ilikuwa kwa fundi, basi akachukua ya Ami Marhoon, mbio mpaka Matrah, akanunua ndimu, akafungua buti autie mfuko.

Buti lote mawe.

Tena si mawe ya kuokota njiani. Mapana, mabapa, rangi ya kahawa iliyochujuka, yamesimamishwa wima kama vitabu, na baina ya jiwe na jiwe pametiwa kitambaa yasigongane. Kila moja lina namba ya chaki. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Tisa. Lamya akanyanyua moja. Upande mmoja unakwaruza kama ganda la chaza, upande wa pili laini, laini kabisa, kama kipande cha sabuni kilichotumika mwezi mzima.

Ndimu zikasafiri kiti cha mbele.

Sasa, kwa mtu mwengine mawe ni mawe tu. Kwa Lamya yalikuwa balaa, na sababu yake ni hii. Lamya alisomea usanifu wa majengo chuoni, akapata kazi, huu mwezi wake wa nne, kwenye ofisi moja inayopima nyumba za kale za jabalini kabla barabara mpya haijapita. Na katika nyumba alizopewa, moja ilikuwa yao wenyewe. Ilijengwa na Mzee Murshid, babu yake babu yake Lamya, huko Wadi Surayr, mwendo wa saa moja kutoka Muscat, zama zile watu walipokwenda kuanza maisha na mbuzi wao mahali ambapo hapakuwa hata na mti wa kukata boriti. Wakajenga kwa mawe matupu. Hapana chokaa, hapana udongo, hapana ubao. Safu ya kwanza duara. Ya pili inatokeza ndani upana wa kidole. Ya tatu inatokeza tena, na hivyo hivyo, duara likipanda linazidi kuwa dogo, mpaka juu linabaki tundu la kupitisha kichwa, na tundu linafungwa kwa bapa moja la jiwe. Kila jiwe limeinamishwa nje chembe, mvua ikinyesha maji yaende zake nje. Ukiiona kwa mbali utasema mzinga wa nyuki. Mlango wake mfupi hata mtoto huinama, na Bi Zakiya husema nyumba ile huingii mpaka uitolee salamu. Jamaa wote waliiita Kuba, hata baada ya wazao wa Murshid kuhamia Unguja na kurudi.

Na vigingi vitano vyekundu vya barabara vilipita katikati ya Kuba.

Hapo ndipo penyewe. Jumapili mkaguzi wa kamati ya majengo ya kale angekuja kuiona. Ikithibitika ni ya asili, vigingi vinasogezwa na barabara inapinda. Ikionekana imeghushiwa, tingatinga linapita. Na fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kutia saini: "Nathibitisha nyumba haijaguswa tangu ijengwe." Mwenye kutia saini ni Lamya. Na aliyempeleka Lamya kuipima Kuba, wiki tatu nyuma, ni Ami Marhoon, huyu huyu mwenye buti la mawe yaliyotiwa namba.

"Ami," alimwambia jioni ile, "mawe ya nini yale kwenye gari?"

Ami Marhoon alikuwa anakunywa chai. Mtu wa miaka sitini na kitu, amestaafu kazi ya mabomba ya maji, maneno yake machache, na uongo haukumkaa hata siku moja. Ukimvaa hupwaya kama kanzu ya kuazima.

"Mawe gani?"

"Buti zima, Ami!"

"Aa. Yale. Ya bustani."

Nyumba yao ya Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, haina bustani. Ina chungu kimoja cha mrehani, na hicho cha Bi Zakiya, hakiguswi.

"Bustani ipi?"

"Bustani ya mtu," akasema Ami Marhoon, akainuka, chai akaiacha nusu.

Tangu lini Ami Marhoon akaacha chai nusu?

"Muache," Bi Zakiya akapaza sauti kutoka jikoni. Bi Zakiya ni mama yake Ami Marhoon na bibi yake Lamya, ana miaka themanini na masikio ya paka. "Mwanamme akistaafu lazima apate wazimu mmoja. Bora mawe." Akazimimina ndimu zake kwenye ndoo ya achari pamoja na za mwanzo, akatia chumvi na manjano, akarudisha sahani juu na uzito wake, akafunika kitambaa. "Mwenziwe wa kazini alopata wazimu wa kuimba tumemvumilia."

Lamya hakucheka. Alikwenda chumbani akamtumia ujumbe wa sauti Ghadeer, binti wa Ami Marhoon, alokuwa kaolewa Sohar. Jibu lilikuja la dakika nne, na dakika ya kwanza yote kicheko.

"Baba? Anaficha kitu? Wallahi kama ni mke wa pili namuonea huruma huyo mke. Na mgongo ule! Akiinama kuvaa kiatu anasoma dua." Halafu sauti ikabadilika. "Lakini ngoja, Lamya. Mbona hataki kumpeleka Bibi Wadi Surayr? Bibi anamuomba tangu mwezi wa kumi na mbili. Kila siku njia mbaya, kila siku magoti. Magoti hayo hayo juzi si yamezunguka soko zima la Matrah?"

Hilo Lamya hakuwa amelifikiria, na lilipomuingia halikutoka. Akafungua picha za wiki tatu nyuma. Ndani ya Kuba, vizuri. Juu ya Kuba, vizuri. Mbele, kulia kwa mlango, rundo la matawi ya miba. Akakumbuka: alitaka kupima pale, na Ami Marhoon akamkamata mkono. "Usisogee. Kuna nyigu." Siku ile alimuona mwema, anamlinda. Sasa akaikuza picha, akaikuza tena. Nyuma ya miba, ukutani, usawa wa goti, palikuwa na ukanda mweupe, kama pale pahala kabati lilipokaa miaka halafu likatolewa.

Kwa hivyo Ami alikuwa anaiziba Kuba kwa mawe mapya. Anaigusa. Na yeye Lamya atie saini kuwa haijaguswa!

Asubuhi alirudisha ufunguo wa gari, lakini alishachukua karatasi moja aliyoikuta chini ya kiti: risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, Hamriya. Saa ya mapumziko alikuwa dukani. Nyuma ya kaunta alikaa Mkenya mmoja mrefu, shati limeandikwa Nahashon kifuani.

"Mzee Marhoon? Wa kofia ya kijani? Huyo ni kastoma yangu, madam. Mtu mpole ajabu."

"Alinunua saruji?"

"Simiti? Zii, hakutaka. Hata mimi ndio nilimwambia, mzee, chukua simiti, imeingia leo. Aliniangalia ni kama nimetusi mama yake."

"Sasa alinunua nini?"

"Glavu, chaki, magunia, na mtaimbo ule mdogo." Nahashon akainama mbele. "Nikamuuliza, mzee, unajenga? Akasema, hapana, nabomoa. Halafu akanyamaza, kama mtu amejisikia akiongea. Madam, wewe ni polisi?"

"Mie mtoto wa ndugu yake."

"Uuu," akasema Nahashon. "Hiyo ni mbaya kushinda polisi."

Anabomoa! Lamya alikaa ndani ya teksi, roho mkononi. Si kuziba, basi. Kung'oa. Na mawe ya kale siku hizi yana wenyewe, kila anayejenga jumba anataka ukuta mmoja wa mawe yaliyoliwa na jua. Bustani ya mtu. Ami Marhoon, aliyemfundisha kuendesha gari, aliyemshika mkono siku ya matokeo ya chuo, anaivunja nyumba ya babu yake jiwe baada ya jiwe na kuwapa watu wapambie bustani. Alijaribu dhana nyengine, kila aliyoijaribu haikumuenea. Alhamisi nzima alimtazama Ami yake akila. Alimtazama mikono: kucha zimevunjika, kidole gumba kina plasta. Ami Marhoon akimuona anatazamwa, anaficha mkono chini ya meza.

Ijumaa, baada ya sala, Ami Marhoon alisema anakwenda kumuangalia rafiki yake mgonjwa. Hakutaja rafiki gani. Lamya akangoja gari yake ipinde kona, akashuka mbio kwenye yake, iliyokwisharudi kutoka kwa fundi, akafungua mlango.

Kiti cha mbele alikaa Bi Zakiya, baibui tayari, mkongojo katikati ya magoti, flaski ya kahawa mapajani na kibweta cha halwa juu yake.

"Bibi! Wewe wapi?"

"Unakokwenda."

"Mie nakwenda kazini."

"Ijumaa? Wacha uongo, humu kwenye ukoo huu hapana anayeujua. Nyote wawili mnanuka siri tangu Jumanne. Nyumba ya mume wangu inapimwa, mie siitwi. Inaendewa, mie sipelekwi. Washa gari."

"Njia mbaya, Bibi. Magoti yako..."

"Magoti yangu nimekupa wewe uyachunge? Washa gari."

Njiani Lamya hakusema anachokishuku. Atamwambiaje mama kuwa mwanawe mwizi wa nyumba? Alishika usukani tu, na kila walipopita lori la mawe alilitazama mpaka lipotee.

Wadi Surayr palikuwa kimya. Jua la Januari lilikuwa limelala juu ya jabali, na Kuba imesimama peke yake juu ya mtelemko, kahawia, imetulia, vigingi vyekundu mbele yake. Na gari ya Ami Marhoon hii hapa. Miba yote imeondolewa. Mwenyewe kapiga magoti kando ya mlango, mgongo kwao, mtaimbo mkononi, anachokoa jiwe la mwisho chini kabisa ya ukuta.

"Ami!"

Aligeuka. Hakumuangalia Lamya hata kidogo. Alimuangalia mwanamke aliyekuwa anashuka nyuma yake, na rangi ikamtoka usoni. "Mama," akasema, "Mama, ngoja, usije."

Lakini Bi Zakiya alishakwenda. Alipanda mtelemko na mkongojo wake taratibu, hakuyatazama mawe wala mtaimbo. Alifika mlangoni, akauweka mkono juu ya jiwe la kizingiti, akasema salaam alaykum. Halafu, bila ya kutazama nyuma, kama mtu anavyofanya kwake, akageuka, akaupa ukuta mgongo, akakusanya baibui lake, akajishusha akae.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Lamya alimdaka mkono huu, Ami Marhoon akamdaka mkono ule. Flaski ikabiringika, kahawa ikamwagika mchangani. Watatu wameshikana pale kama watu wanaocheza ngoma isiyo na muziki.

"Baraza langu," akasema Bi Zakiya, "liko wapi?"

Baraza? Lamya alidhani bibi yake kachanganyikiwa. Alishazipima nyumba kumi na moja za namna ile, na hapana hata moja yenye baraza. Watu wa jabalini hukaa ndani, au juu ya mwamba. Baraza ni la Unguja, la mitaani, la watu wapitao. Halafu akaukumbuka ukanda mweupe usawa wa goti, na yale mawe yaliyolainika upande mmoja, na kila kitu kikageuka kichwani mwake, chini juu.

"Marhoon," akasema Bi Zakiya, "nakuuliza wewe."

Ami Marhoon alivua glavu, moja moja. "Nimeling'oa, Mama."

"Umeling'oa."

"Nilikwenda kwenye kikao cha kamati, ule mwezi wa kumi na moja. Nikasema hii nyumba yetu, ya Mzee Murshid. Kuna yule Taimur, mkaguzi, mwenye neno la mwisho. Akasema mbele ya watu, hawa Wazinjibari nyumba ya jabali wameitoa wapi? Watu wakacheka, Mama. Nikaja huku, kitu cha kwanza nikaona baraza. Nikasema akija huyu akaliona, basi. Atasema si mnaona, kazi ya Zanzibar hii, nyumba nzima wameijenga jana." Akapangusa vumbi magotini. "Nilitaka aione kama walivyojenga wao. Ikishapita Jumapili nilirudishe. Nimeyatia namba yote. Thalathini na tatu. Mengine kwenye buti, mengine stoo nyumbani, chini ya mazulia. Mengine hayo niliyabeba mwenyewe, nna miaka kumi na mbili. Unadhani ningeyatupa?"

Bi Zakiya alikuwa amekaa sasa, juu ya gurudumu la akiba alilolitoa Lamya kwenye gari yake na kulilaza juu ya mwamba. Alitazama ukuta.

"Mwaka wa sabini na nne," alimwambia Lamya, hakumwambia mwanawe, "tumefika Muscat kutoka Unguja, hatuna pa kulala. Babu yako Hamood akasema ipo nyumba ya wazee jabalini. Tukakaa miezi mitatu. Mie nikamwambia Hamood, siwezi nyumba isiyokuwa na baraza. Mtu akija nimkalishe wapi, kichwani? Akanambia huku haji mtu. Nikamwambia we weka baraza, watakuja."

"Wakaja?"

"Wa kwanza mwanamke mmoja wa pua ndefu, na mbuzi wake, kutoka kule juu. Hajui Kiswahili, na mie Kiarabu changu cha msahafuni. Akakaa. Tukatazamana mpaka adhuhuri. Kesho yake akaja tena."

"Bibi, mbona hukunambia? Nilikuhoji saa nzima!"

"Uliniuliza nani kajenga kuta, nani kajenga kuba. Hukuniuliza tulikaa wapi."

Lamya aliona haya, halafu faraja, halafu hasira, zote pamoja, na ili asilie mbele yao akainama akaingia ndani ya Kuba. Na humo ndani ndipo aliposimama kama aliyeshikwa bega.

Palikuwa na mwanga pasipostahili.

Mstari mwembamba, kulia kwa mlango, kutoka safu ya nne mpaka ya saba. Akatoa simu, akaangalia picha ya pahala pale pale: giza tupu. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umefura nje, kidogo sana, kama shavu la mtu anayezuia neno. Kijiwe kimoja kikaanguka, tik, kikalala juu ya kiatu chake.

"Tokeni mbali na ukuta!" alipiga kelele akitoka. "Ami, nini kilikuwa kinaiegemea hapa miaka hamsini?"

Ami Marhoon alirudi nyuma hatua mbili.

"Baraza! Ukuta umelalia baraza, Ami! Mawe yote ya juu yanasukuma nje, na baraza lilikuwa linausukuma ndani. Wewe umeinyang'anya nyumba fimbo yake!"

Basi hapo hapo wakafungua buti, wakarudisha yale kumi na moja, yale mazito ya chini, wakayasukumiza mguuni mwa ukuta mpaka vijiwe vikaacha kuanguka. Jumamosi asubuhi wakarudi na magari mawili na magunia ya stoo. Bi Zakiya alikaa kwenye kiti cha kukunja akiamrisha. "Lile bapa nje. Si hilo. Hilo lilikuwa linanichoma ubavu, liweke upande wa babu yako." Ami Marhoon anataja namba, Lamya anapiga picha kila jiwe kabla na baada. Ikafika kumi na sita. Ikafika kumi na nane.

"Kumi na saba?" Lamya akauliza.

Walimwaga magunia yote. Thalathini na mbili. Pale katikati ya baraza, mbele kabisa, pakabaki pengo kama jino lililong'oka.

"Nani aliingia stoo?" Ami Marhoon akauliza, akamtazama Lamya.

"Mie? Baada ya uliyonifanyia wiki nzima, unanishuku mie?"

"Nauliza tu."

"Ghadeer alikuja Jumapili iliyopita."

"Ghadeer afanye nini na jiwe? Labda wewe umelipeleka ofisini ushahidi."

"Na labda wewe umelisahau kwenye bustani ya mtu!"

Bi Zakiya wakati wote huo hakuwatazama. Alikuwa anaufunga mfuniko wa flaski, anaufungua, anaufunga.

Lamya alilitambua hilo walipokuwa nusu ya njia ya kurudi. Wakafika Wattaya. Akapita moja kwa moja jikoni, akaondoa kitambaa juu ya ndoo ya achari. Ndimu. Sahani. Na juu ya sahani, jiwe bapa, limeiva manjano, namba ya chaki imebaki nusu: moja, na mkia wa saba.

"Bibi!"

"Nilikwenda stoo kutafuta ungo," akasema Bi Zakiya mlangoni, bila haya hata chembe. "Nikaliona. Zuri, zito, linakaa vyema kwenye sahani. Nikasema Mungu kaniletea."

"Ulilikalia miezi mitatu hukulijua?"

"Jiwe la kukalia mtu hulijua kwa kulikalia, hulijui kwa kulitazama."

Jumapili Taimur alikuja saa nne, kanzu nyeupe mpaka inaumiza macho, dereva nyuma yake. Alikuwa mtu mkavu, mwenye macho ya kutafuta. Aliizunguka Kuba mara mbili. Aliingia, akatoka. Halafu akasimama mbele ya baraza, na Ami Marhoon akashika nguzo ya hewa, maana nguzo yenyewe haikuwepo.

"Hii ya lini?" akauliza kwa Kiarabu.

Fomu ilikuwa mkononi mwa Lamya. Usiku mzima kalamu ilikuwa inamuwasha: mtu anaweza kuandika neno moja, haijaguswa, na nani atajua? Alimpa ile fomu. Mstari wa chini alishaupiga kalamu, na juu yake kaandika kwa mkono wake: imeguswa mara moja mwaka 1974 na Bi Zakiya, kwa kuongezwa baraza, mara ya pili mwezi huu, kwa kulitoa; baraza lisingerudishwa, nyumba isingesimama. Nyuma yake picha, ule mstari wa mwanga, kisha giza baada ya baraza kurudi.

Taimur alisoma mpaka mwisho, akasoma tena. "Mlilitoa kwa nini?"

Ami Marhoon alitazama viatu vyake. Taimur alimtazama, akatazama viatu vile vile, na huenda akakikumbuka kicheko cha kile kikao, huenda asikumbuke. Akainama, akakwaruza jiwe la katikati kwa ukucha, akaunusa.

"Hili lina nini? Mmelipaka rangi?"

"Achari," akasema Bi Zakiya, kwa Kiarabu chake kilichokaa Unguja. "Kaa. Limezoea."

Alikaa. Labda kwa sababu ya ule mtelemko, labda kwa sababu hapana anayemkatalia Bi Zakiya. Akapewa kahawa. Kiganja chake kikawa kinapapasa jiwe, upande laini, kinakwenda kinarudi.

"Kwenu wapi?" Bi Zakiya akamuuliza, jicho moja amelifinya.

"Huko juu."

"Mlikuwa na mbuzi?"

"Nani hakuwa na mbuzi?"

"Hmm," akasema Bi Zakiya, na akaendelea kuitazama ile pua yake ndefu.

Taimur alipomaliza kikombe cha tatu alikitikisa, ishara ya kutosheka, akakirudisha, akasimama. Akashuka mtelemko mpaka kwenye kigingi, akakikamata kwa mikono miwili, akaking'oa mwenyewe, kanzu ikachafuka vumbi. Akaking'oa cha pili, na dereva akang'oa vilivyobaki. "Barabara itapita kule chini," akasema. "Karatasi zitafuata." Akatia saini juu ya boneti ya gari, chini kabisa ya maneno ya Lamya, wakaondoka.

Lamya alitaka kupiga vigelegele. Alishafungua mdomo.

"Kang'oa vingapi?" Bi Zakiya akauliza kutoka barazani.

"Vyote, Bibi!"

"Nimekuuliza vingapi. Mie nimehesabu vinne."

Lamya akahesabu mashimo yenye udongo mbichi. Vinne, kweli. Akatafuta cha tano, kile cha juu kabisa, nyuma ya Kuba. Palikuwa na shimo tu, na udongo wake umeshakauka siku nyingi. Ami Marhoon alikuwa ameweka mkono juu ya macho, anaangalia mbinguni kwa makini sana, kama mtu anayengojea mvua Januari.

Lamya akanyoosha kiganja.

"Ami," akasema. "Nipe ufunguo wa buti."